Waya wa Ethi

Jumamosi alasiri Beryl Tunnicliffe alikaa kwenye kiti cha dereva ambacho bado hakijafungwa boliti, akawa anageuza ufunguo kila shemeji yake alipomwambia. Stata ilitoa mlio mmoja mkavu, ikanyamaza. Gari lile lilikuwa na bodi ya faiba na fremu ya chuma. Mumewe, Alwyn, alikuwa amelijenga mwenyewe gerejini kutokana na vipande vilivyoletwa kwenye makasha. Alikufa kwa kupigwa na umeme kiwandani mwezi wa Februari kabla hajaliwasha hata mara moja.

Wilf, mdogo wa Alwyn, alikuwa ameshapima betri, akaikuta nzima. Stata nayo aliitoa, akaijaribu mezani, ikazunguka bila shida. Akairudisha, akaigonga kwa nyundo.

"Tena, shemeji."

Mlio mmoja.

"Nahisi hainipendi tu."

"Kwani ingekuwa ya kwanza kutokukupenda?" Beryl alisema.

Kebo ya akselereta ikaanza kufuka moshi. Wilf alikuwa anaipepea kwa kofia yake, ndipo Alwyn alipoingia kwa mlango wa bustanini, amevaa ovaroli ya kazini, viganja vyake vimeungua kama alivyozikwa navyo.

"Funga mlango, baridi inaingia," Beryl alimwambia.

Akafunga. Akaitazama ile kebo. "Umeme hauna njia ya kurudi kwenye betri, ndiyo maana unapita humo. Injini imekalia raba. Waya wa ethi, wa kuunganisha injini na fremu, uko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Gari ni lako," Wilf alisema.

"Basi sikuwahi kuufunga." Alwyn aliweka mkono mmoja juu ya injini, wa pili kwenye fremu. "Washa, mke wangu."

Stata ikazunguka, injini ikanguruma, na gereji ikajaa moshi wa petroli. Beryl alilia kidogo, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

Walipokuwa wanakunywa, Wilf alimwuliza kaka yake kilichotokea kule kiwandani. Uchunguzi wa kifo ulikuwa umesema Alwyn aliing'oa yeye mwenyewe, kwa uzembe, ethi ya mashine, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

"Waliikata walipohamisha mashine," Alwyn alisema. "Nilimwambia Pickersgill. Akasema tumalize oda kwanza."

Pickersgill ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu.

Jumatatu wote watatu walikwenda kwa afisa wa uchunguzi wa vifo. Afisa huyo, mama mmoja, aliwapa viti, akamsikiliza Alwyn mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaeleza kwa upole kwamba marehemu hawezi kuwa shahidi katika kifo chake mwenyewe, kwa kuwa ana maslahi.

"Na mashine yenyewe?" Beryl aliuliza. "Imefungwa waya?"

"Hilo ni la kiwanda, mama."

Haikuwa imefungwa. Kijana mmoja aliyeitwa Kieran, mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyekuwa ameajiriwa kuiendesha. Siku ya pili yake Alwyn alikwenda kusimama nyuma ya mashine ile, mkono mmoja kwenye mota, mwingine kwenye nguzo ya chuma ya jengo. Akaendelea kwenda kila siku ya kazi. Umeme ulipovuja ulipita kwake, na Kieran alihisi joto kidogo tu vidoleni. Pickersgill alikuwa anapita hapo na kumsalimia Alwyn kwa jina. Mwisho wa mwaka kampuni ilimpa msimamizi huyo saa ya ukutani, kwa kuwa idara yake haikupata ajali tena.

Nyumbani Alwyn alirudi amechoka, mikono imekuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Bado alitaka kumshikia Beryl injini na fremu ya gari siku za Jumamosi. Beryl alikataa. Alikwangua rangi kwenye fremu, akafunga waya mnene kutoka kwenye injini hadi hapo, akakaza boliti kwa nguvu zake zote.

"Angalau hapa upumzike," alimwambia.

"Kiwandani wanasema wataifunga mashine waya wakipata nafasi."

"Chai wanakupa?"

"Hapana."

Jumatatu asubuhi gari liliwaka papo hapo Beryl alipogeuza ufunguo. Akampeleka Alwyn hadi kwenye lango la kiwanda ili asitembee kwenye mvua. Mlinzi alimwona Alwyn, akainua kizuizi, akamwambia aharakishe, zamu imeshaanza.