Hatua ya Kukausha

Lilisikika kwanza tone la maji. Lilianguka sakafuni, likafuata jingine, na Wellars, aliyekuwa bado anafungua madirisha ya studio yake, alijua kabla ya kugeuka kwamba picha za harusi ya Jumamosi zimeanza kuchuruzika.

Alikuwa amekwisha kuliwekea jambo hilo utaratibu. Wapiga picha wengine wa Gisenyi walifanya kazi kama watu wanaofukuza kuku. Wellars alikuwa na hatua zake na hakuruka hata moja: kupiga, kunakili kwenye diski mbili, kuchagua, kusafisha, kuchapa. Tangu Habineza azame, aliongeza kukausha. Alifunga kamba nyuma ya studio, akanunua vibanio vya nguo, na wateja wakaendelea kupata picha zao kwa wakati.

Habineza alikuwa mvuvi wa Nyamyumba, akivua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Alizama siku ya dhoruba akiwa kwenye mtumbwi wa Mbonigaba, bila jaketi la kuokolea, kwa sababu Mbonigaba hakuwahi kuwanunulia wavuvi wake jaketi. Mbonigaba alisema hakumjua mtu huyo. Tangu hapo marehemu alihudhuria kila harusi iliyopigwa picha ufukweni. Kwa macho hakuonekana; kwenye picha alikuwepo, nyuma ya maharusi, shati limelowa, ameipa kamera mgongo, anaangalia ziwa. Watu walimzoea. Wengine walijibana kidogo ili apate nafasi.

Harusi ya Jumamosi ilikuwa ya Umutesi, binti Mbonigaba. Baba mtu alifika, akazipitia picha kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu mutu anafanya nini hapa?"

"Anaangalia mitumbwi yako, patron."

"Mufute."

"Bon. Kwa albamu yako nitamufuta. Lakini picha vile ilitoka kwa kamera, ile siigusi. Hata uje na mukubwa gani."

"We kijana, uko na kichwa nguvu."

"Ndiyo maana kwangu picha hazipotee."

Wellars alimfuta vizuri, hakubakiza hata kivuli. Albamu ilitoka kavu. Ilipokaa siku chache kwenye kabati la vyombo la Mbonigaba, zile sehemu alizokuwa amesimama Habineza zilianza kudondosha maji. Mbonigaba aliweka beseni chini ya kabati. Likijaa, mkewe alimwagilia maua. Beseni lilinunuliwa siku ileile. Jaketi hazikununuliwa.

Picha ambazo hazikufutwa Wellars alizianika kwenye kamba. Alasiri ya siku aliyozianika alipita Nyiransabimana, mjane wa Habineza, akirudi kutoka kuuza samaki mpakani, Grande Barrière, beseni tupu kichwani. Alizunguka nyuma ya studio bila kubisha hodi, kama ilivyokuwa desturi yake, akasimama mbele ya kamba. Nyumbani hakuwa na picha hata moja yenye uso wa mumewe. Zote zilikuwa kwenye simu iliyozama naye.

"Amekonda," alisema.

"Ni maji, mama."

"Mugongo yake nimejaza kwa ukuta. Sasa mutoto anauliza papa yake alikuwa na sura gani. Mi namujibu nini?"

"Namuita kila harusi. 'Habineza, angalia huku!' Bwana harusi anageuka, wageni wote wanageuka. Yeye, hapana."

"Hawezi geuka. Anaangalia kama wenzake watarudi."

Chini yao mitumbwi ya Mbonigaba ilikuwa inatoka. Wavuvi waliimba huku wakipiga kasia, wamevaa mashati ya kawaida. Nyiransabimana aliwatazama mpaka wakawa wadogo, kisha akachagua picha iliyokauka zaidi, akailaza ndani ya beseni.

Wellars aliongeza kibanio kimoja mwisho wa kamba, asibane kitu.

"Mama, hapa ni pa uso wake. Siku atageuka, atanikuta nimeshika kamera. Nakuahidi."