Sangara wa Ziwa Kidole

Katika Toronto nzima, kuanzia Parkdale mpaka Unionville, hakuna mwanamke anayewajua samaki kunishinda mimi. Nawajua kwa majina, kwa tabia na kwa mwendo. Mwendo wa kwenye kikaango, lakini. Wakiwa majini siwajui, na maji yenyewe nayaogopa; hata ya kuoga nayaingia kwa kujipa moyo.

Mtaalamu wa majini alikuwa mume wangu, Caetano, karani mstaafu wa reli, mzaliwa wa Mwanza kama mimi. Mwaka ule wa 2009 alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kila Jumamosi, barafu ikishayeyuka, rafiki yetu Kangethe alimpitia kwa gari wakaenda kuvua kwenye ziwa dogo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini. Tuliliita Ziwa Kidole, maana kwenye ramani limekaa kama kidole kinachomsuta mtu. Caetano alirudi na kapu limejaa samaki wa manjano wenye milia na miiba ya mgongoni. Tuliwaita sangara, kwa kuwa kwa sura na kwa uroho walikuwa kama wadogo zake yule sangara wa kwetu Ziwa Viktoria. Niliwagandisha mpaka Kwaresima, na kila Ijumaa watu wa parokia walikula mchuzi wangu wakamsifu yeye.

Ndipo ikaja barua ya idara ya mazingira. Sangara hawa, barua ilisema, si wenyeji wa lile ziwa. Mwenyeji ni trauti, samaki mwenye madoa mekundu, na sangara wanamlia chakula chake, karibu wammalize. Kwa hiyo trauti waliobaki wahamishwe, ziwa litiwe dawa, sangara wafe wote, kisha trauti warudishwe kwao. Na mtu asivue pale kwa miaka mitatu. Mwenye maoni afike ukumbi wa maktaba, njia panda ya barabara za Jane na Finch, Jumamosi saa nane mchana.

"Miaka mitatu!" alisema Caetano. "Zelia, mimi nina themanini na mmoja. Daktari akiniona tu anashangaa. Hiyo miaka mitatu nitavua wapi, kwenye beseni?"

Sikucheka. Haya, nilicheka, lakini jikoni. Ukweli ni kwamba bila lile ziwa mzee wangu angeketi dirishani, ghorofa ya kumi na moja, akihesabu tramu mpaka Mungu amwite.

Mtaalamu aliyekuja kutusikiliza alikuwa Bianca, msichana wa kwetu, wazazi wake Wagoa, Wahindi Wakatoliki kama sisi, ila wa Kampala. Kiswahili anakielewa chote, ila jibu hutoka kwa Kiingereza. Alituonyesha picha ukutani: huyu mwenyeji, huyu mgeni. Ziwa halina mto unaoingia, alisema, kwa hiyo sangara hawakuja kwa miguu. Kuna mtu aliwaleta.

Kangethe akanyoosha mkono.

"Dada, trauti wa kwetu Nyeri waliletwa na Wazungu kwa meli. Wageni kabisa! Leo wanajiona Wakikuyu kunishinda mimi. Sasa nyinyi mgeni mnampa muda gani? Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi ya tatu mnampa sumu!"

Ukumbi ukacheka mara mbili: kwanza waliokijua Kiswahili, halafu waliotafsiriwa.

"Anko," alijibu Bianca, "shida si ugeni. Shida ni nani anabaki. Zamani trauti walikuwa maelfu. Mwaka huu tumewatafuta ziwa zima, tumepata kumi na wanane."

Kumi na wanane. Hapo mimi nikaacha kucheka, maana nilimkumbuka furu. Mwanza, nilipokuwa mtoto, furu walikuwa wa kila rangi, wadogo kama kiganja, mama akiwakaanga tunatafuna mpaka kichwa. Akaletwa sangara. Sangara akaleta viwanda, akaleta kazi, watu wakajenga, sibishi. Lakini tulipohama mwaka 1988, ukimuulizia furu sokoni unatazamwa kama umepandwa na malaria. Hakuna hata aliyemuaga.

Caetano akasimama. Alikuwa amevaa suti ya misiba, kwa heshima ya sangara.

"Mimi nimevua ziwa lile tangu mwaka 1996," alisema. "Siku ya kwanza kabisa nilipotupa ndoano, alitoka sangara. Naapa kwa Mtakatifu Petro, mvuvi mwenzangu. Hawa ni wenyeji!"

Bianca akavua miwani. "Anko, una hakika? Kabla ya mwaka 2000 sisi hatuna kumbukumbu yoyote. Kama walikuwepo tangu hapo, basi labda kweli ni wenyeji, na mpango wote wa dawa nitausimamisha."

"Hakika!" Caetano akaketi, akanifinya goti kwa furaha.

Nami nikahesabu. Mwaka 1996, kapu tupu. Mwaka 1997, kapu tupu na mafua. Miaka minne mizima samaki wetu alitoka dukani, kwa sababu trauti ni samaki msomi, hali chambo cha Caetano. Halafu ghafla, mwaka 2000, sangara tele!

Sasa mwanamke afanye nini? Kumwita mumewe mwongo mbele za watu ni aibu. Kuwazika trauti kumi na wanane nayo ni dhambi. Nikamwinamia sikioni, kwa Kiswahili, taratibu.

"Baba Glen, afadhali umesema walikuwepo. Mimi nilidhani aliwaleta mlevi fulani."

"Nyamaza, mama."

"Nanyamaza. Nasema tu, huyo mtu kazi hakuijua. Nusu walimfia njiani, waliobaki wakafika wamelegea. Ndiyo maana mpaka leo wamedumaa."

"Wamelegea?"

"Hata maji hakuwabadilishia, maskini."

Mcheke Caetano kofia yake, mcheke anavyoimba kanisani, atakusamehe. Lakini huyu alikuwa karani wa vifurushi stesheni ya Mwanza. Kwa miaka ishirini alipeleka kuku hai Tabora na hakufika hata mmoja amelala. Nikaona masikio yanageuka mekundu. Na Caetano hasira ikimpanda hutoka kwa Kiingereza, kile cha ofisini, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri.

"Hakufa hata mmoja!" alinguruma, yuko wima kabla hajajua amesimama. "Walikuwa arobaini na wawili, nimewatoa Ziwa Simcoe kwa mkono wangu, na maji niliwabadilishia mara tatu njiani! Muulizeni Kangethe, yeye ndiye aliyeshika pipa!"

Bianca akashika kalamu bila kuandika. Caetano akabaki mdomo wazi, akiyatafuta maneno yake hewani ayarudishe. Tukageuka wote kumtazama Kangethe, naye alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti za zipu.