Jiwe Nililoliogopa

Nimeshika mwiko wa uashi miaka kumi na tisa, na kabla ya siku ile sikuwahi kuambiwa nimeua jiwe. Sikiliza kilichonipata hapa Mpanda mwaka tisini na sita, halafu uniambie nani alikuwa na wazimu.

Dakta Pauli, mzungu wa zahanati, alitaka kujenga wodi ya wazazi kule Misunkumilo. Mafundi tuliotajwa ni wawili, mimi na Jean-Marie, Mrundi wa Katumba. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Mtoto wetu wa kwanza alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mke wangu Minza amelala juu ya magunia, hatujafika hata nusu ya njia ya hospitali.

Dakta akaniita kwake. Sebuleni palikuwa na sanduku la kioo refu kama kitanda, limejaa maji. Nikaonja kwa kidole: chumvi tupu. Mtu ana kisima cha maji matamu uani, anayatia chumvi! Akanionyesha makasha mawili yaliyoshuka na treni kutoka Dar, ndani mawe yaliyofungwa kwa magazeti yaliyolowana. Samaki wa baharini wangefika Jumamosi, akasema, niwapangie makao, naye akiiona kazi yangu ataamua habari ya wodi. Halafu akaenda zahanati.

Mawe yenyewe aibu tupu. Mepesi, yametoboka-toboka, yana utelezi na uchafu wa zambarau. Fundi gani anapanga jiwe chafu? Nikachukua brashi ya waya na sabuni ya unga, nikayasugua yakawa meupe, nikayaanika juani. Nikayapanga ndani ya kioo kwa pimamaji, kila pengo nikaliziba. Hata sisimizi asingepita. Nilifurahi, nakwambia.

Dakta kurudi, akashika kichwa, akakaa sakafuni.

"Masalu, umeyaua."

Nikatazama chini, labda nimekanyaga kifaranga. Nikamuuliza nimeua nini.

"Mawe. Yalikuwa hai."

Akaeleza kwamba kwenye ule uchafu mna vidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyosafisha maji. Bila hivyo samaki watakufa kwa kinyesi chao wenyewe. Tena samaki anataka mapango na mianya, hataki ukuta. Kila neno nalisikia, na hata moja halikai kichwani. Nilichoelewa ni kimoja tu, kwamba wodi imekwenda kwa Jean-Marie. Na yeye alikuwa amekuja kuulizia kazi, kasimama mlangoni anajikaza asicheke.

Dakta akauliza kama nimesugua yote. Hapo nikaona haya. Lilikuwepo jiwe moja kubwa. Nilipolishika, kitu kilinitazama kutoka tunduni kikarudi ndani. Nililitupa kwenye ndoo ya yale maji ya chumvi ili kilichomo kife kwa kuzama, nikafunika kwa karai, nikaweka tofali juu. Sasa niseme fundi mzima nimekimbia jiwe, mbele ya Jean-Marie? Nikamkumbuka Minza juu ya magunia, haya ikanitoka.

"Limebaki moja," nikasema. "Niliogopa."

Dakta akafunua ile ndoo, akaikumbatia, mzungu wa watu. Akasema hilo moja litayarudishia mengine uhai polepole. Samaki wangoje miezi. Tukamwaga maji ya kwenye kioo yaliyoingia sabuni, tukasuuza mawe mpaka mikono ikauma, tukajaza maji mapya ya chumvi. Nikayapanga upya kwa mapango na mianya, kinyume cha yote niliyofundishwa, lile la kutisha katikati. Kaduvi kadogo, ndugu wa kamba, kale kale kalikonitazama, kakatoka tunduni, kakazunguka, kakakagua kazi yangu.

Dakta akaniambia nianze wodi Jumatatu, Jean-Marie anisaidie. Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya uharibifu wote huu.

"Msingi ukikosewa," akasema, "nataka mtu atakayeniambia."

Mtoto wetu wa pili alizaliwa ndani ya wodi ile, na analia kwa nguvu mpaka kero. Mambo ya mawe hai mpaka leo sijayaelewa. Ila kila jiwe la msingi ule, kabla sijalisugua, nililigonga kwanza kwa mwiko nikapiga hodi. Jean-Marie alinicheka siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa upande wa pili wa mtaro, nikamsikia naye anapiga hodi.