Pasaka Ng'ambo ya Maji

Mto Daugava ulifurika Jumamosi Kuu, na kabla jua halijatua barabara ya kwenda kanisani ilikuwa imezama. Mabonge ya barafu yalielea juu yake yakigongana, na nguzo za umeme zilikuwa zimelala majini. Padre Staņislavs, aliyekuwa upande wa kanisa, alimpigia simu Genovefa, mjane wa kijiji kilichotengwa na maji.

"Mama, mtu asithubutu kupanda mashua. Mungu hadai roho ya mtu kwa sababu ya Misa. Wakusanye watu nyumbani kwako, msali pamoja. Si wewe uliyekuwa ukiongoza nyimbo?"

"Nilikuwa, Padre," Genovefa alijibu, mkono ukimwendea shingoni.

Tangu apasuliwe koo, sauti yake ilibaki ya kukwaruza kama bawaba iliyoshika kutu. Kanisani alihamia benchi la nyuma, akawa anachezesha midomo tu. Hata hivyo, alivaa viatu vyake vya mpira akapita mlango kwa mlango. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Donats, kaka wa marehemu mumewe, mtu mwenye ulimi wa upupu.

"Umeme hakuna, redio imekufa, na sasa shemeji kajipa upadre," Donats alisema huku akichonga mpini wa shoka. "Utatupa komunyo ya mkate mweusi?"

"Ya padre namwachia padre. Sisi tutasoma masomo, tutasali, tutapokea komunyo ya tamaa."

"Na kuimba ataimba nani? Wewe? Si kunguru watahama kijiji!"

Maneno yalimchoma, lakini hakutaka kumpa raha ya kuyaona yakichoma.

"Wakihama, mbegu zako zitapona. Njoo alfajiri, shemeji. Kuna mayai."

"Basi nitakuja kwa ajili ya mayai."

Alfajiri meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha harusi yake. Juu yake alikuwa ameweka msalaba, mshumaa, na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi. Watu waliingia wakikung'uta matope, wakasimama wamebanana hadi jikoni. Leontīne, jirani yake, alisoma Injili ya kaburi tupu kwa sauti ya kutetemeka. Walipofika kwenye komunyo ya tamaa, kila mmoja alifumba macho akamwomba Bwana aingie moyoni mwake, kwa kuwa mkate wake ulikuwa ng'ambo. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia yake.

Kisha wote wakamtazama Genovefa. Wimbo wa Ufufuko haujianzishi wenyewe.

Alianza. Noti ya kwanza ilitoka, ya pili ikakatika katikati. Aliwaona watu wakiinamisha macho kwa kumwonea haya, na hilo likamuudhi kuliko kukatika kwenyewe. Bwana kafufuka, naye aone haya ya koo? Akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya chini, ile ile ya kukwaruza, bila kuificha.

Karibu na mlango sauti nzito ikamdaka. Ilikuwa ya Donats, aliyekuwa hajaimba tangu siku ya mazishi ya kaka yake. Aliuchukua wimbo kutoka chini, kama mtu anayetia bega kwenye gari lililonasa, na nyumba nzima ikafuata.

"Twendeni nje," Genovefa alisema ubeti ulipokwisha. "Pasaka haina maandamano ya jikoni."

Akanyanyua msalaba. Waliizunguka nyumba, wakapita ghalani, wakatokea ukingoni mwa kilima, pale maji yalipoanzia. Ng'ambo, kengele za kanisa zilikuwa zikilia, na watu wa huko, wadogo kama punje, walikuwa wakilizunguka kanisa na bendera zao. Genovefa aliimba kuwaelekea. Kengele ziliponyamaza, bendera zikasimama.

Kwanza hawakusikia kitu. Halafu, juu ya maji, kiitikio kikarudi: Aleluya, ya watu wengi, imechelewa kidogo njiani lakini nzima.

Leontīne alipiga magoti kwenye matope.

"Wametusikia," alisema.

"Wamemsikia huyu," Donats alisema, akimwonyesha Genovefa kwa kidevu. "Shemeji, usiwaweke watu. Wanasubiri."

Genovefa alicheka, machozi yakimtiririka. Akainua msalaba juu zaidi, akaanzisha ubeti wa pili.