Ngozi Iliyobaki Kwenye Mafunjo

Jumanne moja ya mwaka wa 1971, Nyanchera alikuwa akifua shati la mumewe mtoni, chini ya kijiji cha Nyaramba, pale maji yanapotuama penye mafunjo. Kereng'ende wekundu walikuwa kazini. Dume humshika jike shingoni kwa ncha ya mkia, huruka naye hivyo hivyo, na jike hutaga kwa kuchovya mkia majini akiwa bado ameshikwa. Nyanchera aliyajua hayo. Sokoni, kanisani, hata njia ya shambani, vidole vya mumewe, Momanyi, havikubanduka shingoni mwake. Watu walisema anampenda mno. Watu nao! Leo tu alikuwa peke yake, kwa sababu Momanyi alikuwa amepeleka majani ya chai kituoni kuuza.

Alipoinuka, mgongo wake ulipasuka kutoka kisogoni hadi kiunoni, bila damu, kama ganda la mtoto wa kereng'ende anayetoka majini. Akatoka na mabawa manne. Aliyaacha yakauke, akamalizia kusuuza shati, kisha akaruka hadi Suneka kwa kaka yake, Okemwa. Ngozi ilibaki imeshikilia mafunjo.

Okemwa alimpa uji, akasogeza kigoda chake mbali na ukuta ili mabawa yasikwaruzwe. Nyanchera akamwambia hataki kurudi kwa Momanyi. Okemwa alitazama uani, mkewe Orpah alikokuwa akinyonyesha.

"Dada, zile ng'ombe za mahari zilikutoa hapa ndizo zilimleta Orpah," alisema. "Zikirudi, na yeye anarudi kwao. Huyu mtoto nitamwambia nini?"

Nyanchera alimpenda sana Orpah, na hilo ndilo lililomuuma. Alikaa siku mbili, akaruka kurudi.

Alimkuta Momanyi jikoni. Kando yake, kwenye kigoda cha Nyanchera, ilikaa ile ngozi, naye ameishika shingo. Alikuwa ameikuta mtoni Jumanne jioni akaja nayo nyumbani. Ilikuwa imenyamaza, imekaa ilipowekwa, imefuatana naye sokoni. Hakuona kilichopungua ila ugali.

"Kumbe ulitoka," alisema. "Ingia basi, nina njaa."

Nyanchera akaingia ndani ya ngozi. Ilimbana kwapani, na mabawa yakabaki nje, maana kereng'ende hawezi kuyakunja.

Jumamosi, siku ya Sabato, mzee wa kanisa aliwapisha kwenye benchi la pembeni, mabawa yapate nafasi. Akawataja kwa majina, vijana wanaotaka kuoana wajifunze kwao. Nyanchera hakugeuka kumtazama mzee. Shingo, vidoleni mwa Momanyi, haikugeuka.