Bibi wa Chini ya Fungu

Mjukuu wangu alitengeneza gemu ya kompyuta kwenye meza yangu ya kulia chakula, na mimi nimo ndani. Msicheke. Ni bibi kizee anayepanda mapaa kufuata sufuria yake, jirani kaiazima kajifanya kasahau. Sauti ni yangu. Mchezaji akianguka namwambia, "Pole, babu. Magoti ya kuazima hayo?" Kisha nacheka. Kicheko hicho sikuagizwa. Nilidhani maikrofoni imezimwa.

Kampuni kubwa ikatuma mtu. Viatu vyake vilimetameta hata nikayaona humo meno yangu mawili, nikamwita Bwana Viatu.

"Gemu tunaitaka," akasema. "Tutaweka wachoraji kibao, matangazo kila mahali. Ila bibi awe msichana. Na matusi yatoke."

"Matusi gani, mwanangu? Mimi huamkia hivyo."

Nikamtazama mjukuu. Saini moja tu, basi nageuka msichana wa kiuno cha nyigu. Lakini kazi ni yake, nikamwachia ajibu mwenyewe.

"Nipe mwezi mmoja," akamjibu.

Bwana Viatu alipoacha kadi yenye namba yake na kuondoka, mjukuu akawapigia watengeneza gemu wenzake, kila mmoja na gemu aliyoitengeneza chumbani kwake. Wakakubaliana kuziuza pamoja, zote kwa bei ambayo kampuni kubwa haikuuzii hata moja, na kila mtu abaki mwenye mali yake.

"Yaani fungu," nikasema. "Kama nyanya."

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Nimepanga mafungu sokoni tangu mama yako yuko mgongoni. Mimi nakaa wapi?"

"Chini. Juu tunaweka ya mbio za magari, ndiyo inayovuta watu."

"Chini! Kule nilikokuwa naficha zilizobonyea?"

"Lisipouzika, bibi, nasaini kwa Bwana Viatu. Kodi haina undugu."

Basi nikakaa chini, na adabu zangu.

Siku za mwanzo, kimya. Mjukuu akaanza kuitafuta ile kadi ya Bwana Viatu. Nami nilikuwa nimeikalia. Ndipo mnunuzi mmoja akaandika: "Nilifuata magari. Sasa nashinda juu ya mapaa, bibi ananicheka, mama yangu kanipokonya kompyuta ili achekwe yeye." Watu wakayasambaza maneno hayo. Wengine wakanunua fungu zima wakiuliza tu, "Lina yule bibi?" Magari nayo yakapata abiria, na wenzake mjukuu wote wakala vizuri.

Kabla mwezi haujaisha, Bwana Viatu akapiga simu.

"Tumefikiria," akasema. "Bibi anaweza kubaki bibi. Hata matusi mawili matatu."

Mjukuu akatabasamu. "Gemu haiuzwi, kaka. Tunapanga fungu la pili." Kisha akanisogezea simu. "Bibi, muage mgeni."

"Pole, babu," nikamwambia. "Magoti ya kuazima hayo?"

Nikacheka mpaka meno yote mawili yakapata upepo. Maikrofoni ilikuwa wazi pale mezani. Safari hii nilijua.