Mifupa Kwenye Belo

Belo lile nililifungua mwenyewe, mbele ya soko zima. Miaka hiyo mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na hata mimi niliyeishia darasa la nne nilijua kwamba belo la nguo za watoto haliwezi kukutupa. Nikakata mikanda. Zikatoka kanzu nyeusi kumi na mbili, zimechorwa mifupa kuanzia shingoni hadi miguuni, kila moja na kinyago chake cha fuvu.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele Modesta, mama Neema, ambaye meza yake imepakana na yangu. "Filomena, hizi sare za wanga umemwagizia nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kumbe wenzangu hawakuwa wanacheka kama mimi. Kufikia Jumatano hakuna aliyesimama mezani kwangu. Macho yangu mekundu, ambayo mtaa umeyaona miaka ishirini, ghafla yakawa ushahidi.

Hayo ningeyameza. Lakini Alhamisi mjukuu wangu Witness, ninayemlea tangu mama yake aende Dar kutafuta kazi, alirudi kutoka shule uso umemshuka.

"Shikamoo Bibi. Hawaji."

"Marahaba. Nani hawaji?"

"Wote. Jumamosi. Mama Neema kawaambia ukila kwetu unageuka msukule."

Jumamosi alikuwa anatimiza miaka kumi, na nilikuwa nimemwahidi sherehe, ya kwanza maishani mwake.

"Tuahirishe, Bibi?"

"Tuahirishe nini? Wanataka nyumba ya mchawi? Basi wataipata, na mapambo juu."

Nikamwita Hatibu, muuza ndizi kutoka Matombo, mtani wa ukoo wetu tangu enzi za babu zetu huko milimani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana msibani, marehemu hajazikwa, na ukinuna kosa ni lako. Neno akishalisema mtani, limekuwa mzaha. Aliyekuwa analinong'ona hana tena pa kulipeleka.

Hatibu akainua kanzu moja, akaipima kifuani kwake. "Mchawi mzee! Kumbe hata kiwanda unacho!"

"Nyamaza, nyani wa Matombo. Kesho upite mtaani utangaze."

"Nitangaze nini?"

"Wanayoyasema mgongoni kwangu. Wewe yaseme kwa sauti."

Ijumaa akapiga debe kuanzia bombani hadi kanisani. "Jamani! Filomena mchawi, bibi wa macho mekundu, anaalika watoto kesho saa kumi! Kuna mizimu, kuna mifupa, kuna bakuli zima la macho! Mwenye woga abaki kwa mamaye!"

Wakubwa wakaangua kicheko, wangefanyaje, mtani kasema. Watoto hawakucheka. Walitazamana. Lile la kubaki kwa mama liliwachoma.

Mimi na Witness tukafanya kazi. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ili saa kumi jioni iwe giza. Mapapai mabichi tukayakwangua ndani, tukayachonga meno, tukaweka vipande vya mishumaa. Tambi tukazipika na nyanya nyingi, tukaziita matumbo. Matunda ya shokishoki tukayamenya, tukayatia kwenye bakuli la maji. Witness akatumbukiza mkono.

"Bibi! Yanateleza kama macho kweli!"

Akacheka. Tangu Alhamisi sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Saa kumi ikafika, hakuna mtu. Na nusu, hakuna mtu. Witness ameketi kizingitini na mifupa yake.

"Bibi, nivue?"

"Usivue hata kinyago."

Ndipo Twalibu, mtoto wa jirani wa chini, akachungulia penye ua na wadogo zake wawili. Nyuma yao wengine. Nikawahesabu kumi na moja, nikawavisha, nikawapanga mlangoni.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu huingia jikoni bila hodi, haombi chakula, ananiliza, kisha anatokea paani."

"Mwizi!"

"Mzimu!"

"Moshi," kikasema kisauti cha nyuma.

"Moshi! Na ndio ulionipa macho haya, moshi wa kuni mbichi. Haya, ingieni mfe kwa woga."

Walipiga mayowe hayo, nyumba ilitaka kung'oka. Walipochoka kulia wakala, na walipokula wakadai tena watishwe.

Modesta akaja amejifunga khanga kiunoni.

"Neema yuko wapi?"

"Ndani."

"Mtoe!"

"Mtoe mwenyewe. Mimi si mchawi? Nikimgusa je?"

Akaita akiwa uani. "Neema!"

"Abee!" wakaitika wote kumi na wawili, hata wa kiume, wakajazana mlangoni. Mafuvu matupu. Alitazama huku, akatazama kule, mwanawe hamjui.

"Pita, mama, pita!" Hatibu akasema kutoka kona ya ua, alikoketi na sahani yake ya tambi. "Mchawi leo ameshiba."

Modesta akavuka kizingiti. Akafunua kinyago cha kwanza: Twalibu, mashavu yamejaa tambi. Cha pili: Witness, aliyemtazama usoni bila kupepesa.

"Shikamoo, mama Neema."

"Marahaba," akajibu, taratibu.

Neema alikuwa wa tisa, kidevu chekundu kwa nyanya.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Macho saba."

Modesta akamshika paji la uso kama wa homa. Nikamsukumia kigoda kwa mguu. "Kaa umwangalie. Akigeuka, uwe wa kwanza kuona."

Akakaa. Watoto wakakimbizana. Neema akaanguka, mama yake akaruka wima. Kumbe kajikwaa, kashainuka, anacheka. Modesta akaketi tena. Wazazi wengine wakaja mmoja mmoja kuwachukua wao. Yeye akabaki wa mwisho, macho kwenye bakuli.

"Hizi ni shokishoki tu?"

"Onja ujue."

Hakuonja. Alimgeuza Neema, akaikaza kamba ya kinyago iliyokuwa imelegea, akamshika mkono. Wakashika njia ya katikati ya mtaa, watu wamejaa barazani, mtoto na mifupa yake yote.